Zebaki iliyo ndani ya chanjo: Neno moja linapobebeshwa mizigo mitatu

MAMA ameketi kwenye benchi la zahanati, tuseme ni Takaba au Rhamu katika Kaunti ya Mandera. Amempakata mtoto wa wiki sita. Zamu yake inapofika, anamuuliza muuguzi kwa Kiswahili kilichozoeleka huko: “Daktari, nimesikia hii sindano iko na zebaki. Ni kweli?”

Kisa hiki nimekibuni, ila swali lenyewe sikulibuni. Wazazi wa mataifa mengi wameliuliza kwa zaidi ya miaka ishirini sasa. Muuguzi wetu ana njia mbili rahisi za kulijibu. Anaweza kusema, “Hapana, hakuna kitu kama hicho.” Kwa baadhi ya chanjo, huo ni uongo. Au anaweza kusema, “Usijali mama, hii ni dawa tu.” Hilo nalo si jibu. Mama atarudi nyumbani akiwa na neno “zebaki” kichwani bila maelezo yoyote, na huenda wiki ya kumi ikifika asirudi kwa sindano ya pili.

Safu hii ni ya lugha, wala sina nia ya kuwanyang’anya madaktari kazi yao. Hata hivyo, nashikilia kuwa sehemu kubwa ya tatizo la muuguzi huyu ni ya kiisimu. Amepewa neno moja mahali ambapo wanakemia wana angalau dhana tatu tofauti. Hebu tulifungue neno hilo tuone limebeba nini.

“Zebaki” tumelipata kutoka Kiarabu, ambacho nacho kililikopa kutoka Kiajemi. Ni jina la metali ya pekee ambayo huwa majimaji katika joto la kawaida; mazito, yenye rangi ya fedha, yanayoviringika sakafuni kama shanga yanapomwagika. Aliyewahi kuvunja kipimajoto cha kioo anaijua.

Tazama kwanza jinsi neno hili lilivyowahi kutuponyoka. Vitabu vingine huiita sayari iliyo karibu zaidi na jua “Zebaki”, ilhali Kiswahili kina jina lake, nalo ni Utaridi. Chanzo cha mkanganyiko huo ni Kiingereza, ambacho hutumia jina moja kwa metali na kwa sayari. Mfasiri aliliangalia neno akakisahau kitu. Kosa la sayari halimdhuru mtu yeyote. Kosa la aina iyo hiyo kwenye chumba cha chanjo laweza kumnyima mtoto kinga.

Kwa Mkenya wa leo, zebaki ni habari mbaya. Analisikia neno hili wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Migori wanapoonywa kuhusu moshi wanaouvuta wanapochoma mchanganyiko wao. Analisikia tena kuhusu sabuni na krimu za kujichubua zilizopigwa marufuku. Wanasemantiki husema neno huwa na maana ya msingi na maana za ziada zinazolifuata kama kivuli. Maana ya msingi ya zebaki ni metali. Kivuli chake ni sumu. Ndiyo maana mama wa Takaba hahitaji kuambiwa aogope. Neno lenyewe limeshamwambia.

Sasa twende kwenye kichupa. Kitu kinachozungumziwa kinaitwa thiomesali, ambacho Wamarekani hukiita thimerosali. Ni kampaundi, yaani kitu kilichoundwa kwa elementi kadhaa zilizoungana. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Hilo ni kweli na halifai kufichwa. Lakini kampaundi si jumla ya tabia za elementi zake. Chumvi ya mezani imeundwa kwa sodiamu, ambayo hulipuka ikitiwa majini, na klorini, ambayo ni gesi ya sumu. Nasi twaila kila siku. Sarufi yetu inaijua hali hii vizuri. Chukua neno ambatani “pepopunda”, ambao ni mmoja kati ya magonjwa yanayokingwa kwa chanjo zenye thiomesali. Ndani yake mna pepo na mna punda, lakini ugonjwa wenyewe si pepo wala si punda. Vitu viwili vikiungana, huzaa cha tatu chenye tabia zake.

Je, thiomesali inafanya nini humo? Jibu lilipatikana kwa uchungu mwingi. Januari 1928, katika mji wa Bundaberg, Australia, watoto 21 walidungwa chanjo ya dondakoo kutoka chupa moja. Chupa hiyo ilikuwa imefunguliwa siku kadhaa kabla na ilikuwa imetumika kwa watoto wengine bila madhara. Haikuwa na kitu chochote cha kuzuia vijidudu. Bakteria waliingia, wakazaana katika joto la kiangazi, na watoto 12 wakafa. Tume iliyochunguza mkasa huo ilipendekeza kwamba chanjo za chupa inayotumiwa mara nyingi zitiwe dawa ya kuua vijidudu. Thiomesali ilianza kutumika katika mwongo uliofuata. Kazi yake ni hiyo tu: kila sindano inapopenya kizibo kuvuta dozi, kijidudu kitakachoingia nayo kisipate nafasi ya kuzaana.

Kwa Kiswahili, kitu cha namna hii tukiite nini? Aghalabu husikika “dawa ya kuhifadhi”. Naona kasoro mbili katika usemi huo. Ya kwanza, humfanya msikilizaji adhani mtoto anapewa dawa ya pili iliyofichwa ndani ya ile ya kwanza. Ya pili, katika masikio ya Wakenya wengi, “dawa ya kuhifadhi” inanuka mochari, kwa sababu magazeti yetu yamezoea kuandika “chumba cha kuhifadhia maiti”. Ilhali kitenzi “hifadhi” kina ukoo mwema. Mtoto wa Mandera anayekariri Kurani tunasema anaihifadhi, yaani anaiweka moyoni isipotee wala kubadilika. Napendekeza “kihifadhi”, kwa kiambishi ki- kinachounda majina ya vifaa, kama katika kizibo, kichujio na kifunguo. Kihifadhi ni kitu kinacholinda kilichomo. Kinailinda chanjo isiingiwe na vijidudu.

Tufike kwenye kiini cha mvutano wote. Zebaki ikiungana na kaboni huweza kutoa kampaundi mbili ambazo majina yake yanakaribiana mno: zebaki ya methili na zebaki ya ethili. Wanafunzi wa fonolojia wanajua sauti moja inavyoweza kugeuza maana. Ongeza t mbele ya “oa” upate “toa”. Ongeza p mbele ya “ua” upate “pua”. Hakuna anayedhani kwamba kuoa na kutoa ni kitu kimoja eti kwa sababu yanatofautiana kwa herufi moja. Methili na ethili ni vivyo hivyo. (Na methili isichanganywe na methali, ingawa hapa panafaa methali moja: usiache mbachao kwa msala upitao.)

Wakenya tumejifunza tofauti hii makaburini. Pombe halali ina alkoholi ya ethili. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, hasa Mukuru kwa Njenga, na wengine wakapofuka, baada ya kunywa pombe haramu iliyokuwa na alkoholi ya methili. Majina ni ndugu. Matokeo hayakuwa sawa hata kidogo.

Kwa upande wa zebaki, methili ndiyo iliyowaangamiza watu wa Minamata, Japani. Kiwanda kimoja cha kemikali kilimwaga taka zake baharini, samaki wakazibeba, watu wakala samaki. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Methili hung’ang’ania mwilini: nusu ya iliyo kwenye damu huchukua takriban mwezi mmoja na nusu kuondoka, na ukiendelea kuila hujilimbikiza. Thiomesali haitoi methili. Ikiingia mwilini huvunjika na kutoa ethili, ambayo nusu yake huondoka kwenye damu kwa chini ya wiki moja, na mwili huitoa kupitia choo. Chanjo ya pentavalenti hutolewa Kenya mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kati ya sindano moja na nyingine pana wiki nne.

Hapa lazima tuwe waungwana. Ethili si maji ya kunywa. Ikiwa nyingi, nayo ni sumu. Iraq ilishuhudia maafa mwaka 1956 na tena 1960 baada ya wakulima kula mbegu zilizotiwa zebaki ya ethili. Kwa hiyo swali la pili baada ya “aina gani” ni “kiasi gani”. Dozi moja ya nusu mililita huwa na mikrogramu zisizozidi 25 hivi za zebaki. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kipimajoto cha zamani chenye nusu gramu ya zebaki kina kiasi kinachotosha dozi 20,000. Sisemi zebaki ya kipimajoto na ya chanjo zina tabia moja. Nataka tu msomaji apate picha ya udogo wa kiasi chenyewe. Madhara yanayojulikana kwa kiasi hicho ni wekundu na uvimbe mahali palipodungwa, na mzio kwa watu wachache.

Mbona basi tusiondoe thiomesali kabisa tukapumzika? Hapo ndipo Mandera inapoingia, na si kama mapambo ya mfano.

Mandera iko pembeni kabisa mwa nchi, karibu kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Nairobi, panapokutana Kenya, Ethiopia na Somalia. Joto la mchana hupita nyuzi 35. Chanjo zinatakiwa kukaa katika baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8, kuanzia ghala hadi kwenye paja la mtoto. Familia nyingi ni za wafugaji wanaofuata maji na malisho. Muuguzi anayetoka na kisanduku cha barafu anaweza kukuta watoto kumi na wawili leo, na kesho wawili.

Kichupa cha dozi kumi kinachukua nafasi ndogo sana kuliko vichupa kumi vya dozi moja, na bei yake ni nafuu. Zaidi ya hayo, kikiwa na kihifadhi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kichupa kilichofunguliwa kiendelee kutumika hadi siku 28, mradi kimehifadhiwa ipasavyo. Chanjo ya surua haina kihifadhi, kwa kuwa ndani yake mna virusi hai vilivyodhoofishwa, na kihifadhi kingeviua. Kichupa chake kikishafunguliwa, kinachobaki baada ya saa sita hutupwa. Sasa fikiria muuguzi mwenye vichupa vichache vya surua na watoto wawili mbele yake. Akifungua, atatupa dozi nane. Asipofungua, atawaambia akina mama warudi siku nyingine, na huenda kufikia siku hiyo wameshahama. Kwa pentavalenti ya dozi kumi, ambayo kwa kawaida huwa na thiomesali, hana haja ya kupiga hesabu hiyo.

Kenya ililionja jambo hili mwaka 2011 ilipoanza kutoa chanjo ya nimonia katika vichupa vya dozi mbili visivyokuwa na kihifadhi. Ilibidi wahudumu wafundishwe upya kwamba kichupa kikifunguliwa hakivuki saa sita. Kihifadhi kinapokosekana, mzigo wa kukumbuka unamhamia binadamu, na Bundaberg ilituonyesha binadamu akisahau huwa nini.

Kuna jambo jingine ambalo neno “zebaki” limelifunika. Chanjo inayowafikia watoto wa Mandera nyumba kwa nyumba, hata ng’ambo ya mipaka huko Bula Hawa na Suftu, ni matone ya polio. Mwaka 2013 polio ilizuka Mogadishu, ikavuka hadi Garissa, na Kenya ikathibitisha wagonjwa 14. Matone hayo hayana thiomesali hata chembe, kwa sababu ile ile ya surua: virusi vyake ni hai. Chanjo ya polio ya sindano nayo haina. Mzazi anayefunga mlango kwa kuhofia zebaki mdomoni mwa mtoto anakimbia kitu ambacho hakimo, na kile anachokikaribisha, ambacho Wasomali hukiita dabayl, yaani upepo, kinaweza kumlemaza mtoto maisha yake yote.

Lakini mama mwerevu ana swali jingine, nalo ni gumu: “Kama ni salama, kwa nini Wamarekani waliwaondolea watoto wao?” Swali hili linastahili jibu kamili. Julai 1999, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani pamoja na idara ya afya ya umma ya nchi hiyo waliomba thiomesali iondolewe kama tahadhari, si kwa sababu madhara yalikuwa yamegunduliwa. Kufikia 2001 ilikuwa imeondolewa katika chanjo za kawaida za watoto, isipokuwa baadhi ya chanjo za homa ya mafua. Walioihusisha na usonji walitarajia idadi ya watoto wenye hali hiyo ipungue. Haikupungua. Denmark iliiacha mapema zaidi, mwaka 1992, na huko pia idadi ya waliotambuliwa kuwa na usonji iliendelea kupanda. Mwaka 2025 Marekani iliiondoa hata katika chanjo za mafua zilizosalia. Uamuzi huo haukubadilisha ushahidi uliokuwepo. Nchi yenye umeme wa kutosha na majokofu ya kutosha inaweza kununua vichupa vya dozi moja moja. Hiyo ni tofauti ya mfuko. Tusiigeuze kuwa tofauti ya thamani ya watoto.

Suala hili liliwahi kufika karibu na nyumbani. Mazungumzo ya mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki yalifanya kikao chake cha tatu Nairobi, kati ya Oktoba 31 na Novemba 4, 2011. Wako waliotaka thiomesali ipigwe marufuku pamoja na bidhaa nyingine. Mkataba ulipopitishwa Oktoba 2013 nchini Japani, chanjo zenye thiomesali zilitengwa waziwazi na orodha ya bidhaa za kuondolewa. Jina la mkataba huo ni Mkataba wa Minamata. Mkataba uliopewa jina la mji ulioumizwa na methili uliona haja ya kuiacha ethili ya kwenye chanjo iendelee na kazi yake. Waliouandika walijua kutofautisha istilahi.

Je, lugha kweli inaweza kuua au kuokoa katika mambo haya? Turudi Iraq. Mwishoni mwa 1971 nchi hiyo ilipokea shehena ya mbegu za ngano kutoka Mexico zilizopakwa zebaki ya methili ili zisishambuliwe na kuvu. Zilikusudiwa kupandwa, si kuliwa. Onyo liliandikwa kwenye magunia, lakini kwa Kihispania na Kiingereza, mbele ya wakulima wasiozijua lugha hizo. Mbegu nyingi zilifika msimu wa kupanda umepita. Watu wakasaga, wakaoka mikate. Zaidi ya 6,500 walilazwa hospitalini na 459 kati yao wakafa humo. Onyo lilikuwapo, ila halikuwafikia waliohitaji kulisoma.

Kosa la Iraq lilikuwa kutowaonya watu juu ya zebaki iliyokuwa hatari. Kosa tunalokaribia kulifanya sisi ni la upande wa pili: kuwaogofya kwa neno bila kuwaambia ni zebaki ipi. Dawa ya makosa yote mawili ni istilahi zinazoeleweka. Napendekeza “zebaki” peke yake ibaki jina la metali, na sayari irudishiwe Utaridi wake. Kampaundi tuzitaje kwa majina yake kamili, zebaki ya ethili na zebaki ya methili, wala tusizikate. Thiomesali tuiite kihifadhi. Na kwa kuwa Mandera wengi watayapokea maelezo haya kwa Kisomali au kwa lugha ya jamii ya Kioromo, anayefasiri apewe dhana kwanza kabla ya neno, asije akasafirisha kivuli akaacha kitu.

Tumrudishe sasa mama wetu kwenye benchi, na tumpe muuguzi maneno ya kutosha. “Ndiyo mama, iko. Lakini si ile ya samaki wala ile ya kipimajoto. Hii ni ya ethili, ni kidogo sana, na mwili unaitoa kwa siku chache. Kazi yake ni kulinda hii chupa isiingie vijidudu, kwa sababu tunaitumia kwa watoto kumi. Matone ya polio hayana. Uliza lingine.”

Maelezo hayo hayamalizi dakika moja. Huenda mama akauliza lingine, na lingine tena. Afadhali aulize akiwa bado kwenye benchi.